Kubadilisha kioo cha laptopu nyumbani bila kuunguza mazabodi

Laptopu ikipasuka kioo usikimbilie kununua kingine, kwanza ichomeke kwenye TV kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka safi kule basi shida ni kioo au waya wake, ila ikitoka na michirizi ileile mpaka kwenye TV ujue tatizo liko kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani ya laptopu) na kioo kipya hakitakusaidia kitu. Na kama hakijapasuka ila ni giza tu, mulika tochi ya simu kwa ubavu, ukiona picha kwa mbali basi ni taa ya nyuma ndo haiwaki, na hiyo wakati mwingine chanzo chake ni fyuzi ya kwenye mazabodi, sio kioo.

Alafu usinunue kioo kwa jina la laptopu. Chukulia ThinkPad T480, hizi zipo nyingi sana mtumba, yenyewe ilitoka na vioo vya 1366x768 (hizo namba ni idadi ya nukta za picha), vya 1920x1080, vya tachi na vya 2560x1440, na plagi zake hazifanani: kile cha 1920x1080 cha kawaida kina pini 30, cha tachi na kile cha 2560x1440 vina 40. Mwenye duka ukimwambia tu "nipe cha T480" anaweza kukupa chochote. Kwahiyo fungua kwanza (ukishazima betri na kutoa fremu kama nilivyoeleza hapo chini), geuza kioo, soma namba ya kwenye stika nyuma, zinaanzaga na herufi kama B140HAN au NT156WHM, piga picha ya stika pamoja na plagi ndo uende nazo Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi. Angalia inchi, idadi ya pini, plagi iko upande gani, na kama kina masikio ya skrubu pembeni au hakina.

Sasa umeme, hapa naomba uniskilize vizuri mana ndo panapoua laptopu za watu. Kuzima laptopu na kutoa chaja HAITOSHI. Ule waya wa kioo una pini zenye volti 3.3, na hapohapo jirani kuna pini zimebeba umeme wa taa ya nyuma ambao unaweza kukaribia ule wa chaja, sasa ukichomoa au kuchomeka huku betri ipo, plagi ikikaa mshazari sekunde moja tu pini zinagusana, fyuzi inakatika au mazabodi inaungua kabisa. T480 ina betri mbili: ya nje unaitoa kwa mkono, ya ndani unaizima kwenye baiosi (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka), washa ukibonyeza F1, ingia Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery, itajizima yenyewe. Laptopu ambayo haina kitu hicho fungua kifuniko cha chini uchomoe plagi ya betri.

Kutoa fremu ya mbele tumia kipande cha plastiki au kadi ya benki iliyoisha muda, bisibisi bapa itakwangua na kuvunja vile vibana. Angalia kwanza kama kuna skrubu zimefichwa chini ya vistika vya pembeni. Kama imeshikwa na gundi pasha kidogo na drai ya nywele, usikae sehemu moja. Vaa miwani, na kama kioo kimesagika bandika salotepu pana juu yake yote kabla hujagusa kitu, vile vipande ni vyembamba na vinaruka. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa mpangilio uliozitoa, mana urefu unatofautiana na ndefu ikiingia pa fupi inatoboa.

Fremu ikishatoka, fungua skrubu za kioo kama zipo, na kioo kikilegea usikivute, kilaze taratibu kifudifudi juu ya kibodi uliyotandika kitambaa. Plagi utaiona chini, ina salotepu ya uwazi juu na nyingine zina kijiwaya cha chuma kama mpini wa ndoo. Toa salotepu, inua kale kachuma, alafu sukuma plagi itoke KWA KUTELEZA, ikiwa imelala sambamba na kioo. Ukiivuta kuelekea juu unang'oa pini na hapo umeua waya au soketi. Kipya kinaingia vilevile, kitelezeshe mpaka kikae sawa pande zote mbili, rudisha kachuma, bandika salotepu.

Kabla hujarudisha fremu ipime. Simamisha kioo ukiwa umekishika, chomeka chaja, washa, weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi uangalie madoa na taa inayovuja pembeni. Ikiwa giza usichomoe waya hivyohivyo, zima kwanza, toa chaja, zima tena betri ya ndani, mana chaja ikishaingia inakuwa imerudi kazini.

Fremu ukishaibana pande zote, funua na ufunge mfuniko pole pole uone kama waya haubanwi kwenye bawaba, ukisikia inakwama fungua tena uupange. Nailoni ya juu ya kioo itoe mwisho kabisa. Kile kilichopasuka kifunge kwenye boksi watoto wasikifikie, na usikitupe mpaka kipya kikae siku kadhaa bila shida, mana stika yake utaihitaji ukirudi dukani kubadilishiwa.

MacBook na Surface sijazigusia hapa makusudi, hizo vioo vyake vimegandishwa na gundi nzito, mpelekee fundi mwenye vifaa vyake.