Somo: kufuma sweta zito la wazi lenye misuko, kwa kipande kimoja

Baridi ya Juni na Julai katika Makete, Njombe na Mufindi haizuiwi na sweta jepesi, kwa hiyo hapa tunafuma lile zito, lililo wazi mbele bila vifungo, kwa mwenye kifua cha sentimita 90 hadi 95. Kiwiliwili chote kinafumwa kwa pamoja, kwa sababu mshono wa ubavuni katika uzi mnene hufanya tuta gumu linalomsumbua mvaaji kila anapoinua mkono.

Andaa karibu kilo moja ya uzi mnene, sindano za milimita 8 zilizounganishwa kwa waya, na sindano fupi ya ziada. Uzi wa kawaida nao unafaa, ukishikwa nyuzi mbili au tatu kwa pamoja. Anayefumua masweta ya mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, akague kwanza mishono ya ndani: kingo zikiwa zimekatwa na kufungwa kwa cherehani, uzi utatoka vipandevipande, basi aliache hata kama bei inavutia.

Fuma kwanza sampuli, uifue, uikaushe, kisha upime. Sentimita 10 ziwe na vitanzi 12 na mistari 15. Ukipata vitanzi 13, badilisha sindano uchukue kubwa zaidi, kwani tofauti hiyo ya kitanzi kimoja itakupunguzia karibu sentimita 8 katika mzunguko mzima. Wengi huiruka hatua hii, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo asili ya masweta mengi yanayoishia kuvaliwa na wadogo zao.

Anza na vitanzi 128. Vitanzi 5 vya kila ukingo vifumwe kwa kitanzi cha kawaida (uzi ukiwa nyuma ya kazi) katika kila mstari, ili ukingo usijikunje. Vilivyo katikati vifumwe viwili vya kawaida, viwili vya kinyume (uzi ukiwa mbele), hadi upate pindo la sentimita 6. Baada ya hapo, upande wa kuonekana, panga hivi: ukingo 5, kawaida 11, msuko, kawaida 12, msuko, kawaida 32, msuko, kawaida 12, msuko, kawaida 11, ukingo 5. Kila msuko una vitanzi 10, yaani 2 vya kinyume, 6 vya kawaida na 2 vya kinyume. Upande wa ndani, fuata vitanzi kama unavyoviona, isipokuwa zile kingo.

Kusuka hufanyika kila mstari wa 8, upande wa kuonekana. Hamishia vitanzi 3 vya kwanza kati ya vile 6 kwenye sindano ya ziada, fuma 3 vinavyofuata, kisha rudi ufume vile vilivyosubiri. Sindano ya ziada ikikaa mbele ya kazi, msuko unalalia kushoto; ikikaa nyuma, unalalia kulia. Kila msuko huvuta kitambaa kwa upana wa takribani vitanzi viwili, na hesabu ya 128 imekwisha kulizingatia hilo.

Kazi ikifika sentimita 42, igawe: fuma 29, funga 6 vya kwapa, fuma 58, funga 6, fuma 29. Mgongo uendelee kwa sentimita 22. Kila upande wa mbele uendelee vivyo hivyo, ukipunguza kitanzi kimoja pembeni mwa ukingo kila mstari wa nne, mara 9, hadi vibaki 20. Shona mabega, vitanzi 20 kwa 20, na misuko ya mbele na ya nyuma itakutana juu ya bega.

Kwa mikono, okota vitanzi 50 kuzunguka kwapa, punguza viwili kila mistari 6 hadi vibaki 32, malizia kwa pindo la sentimita 6, kisha ushone mkono.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Makambako na sina sindano ya ziada. Nifanyeje?*

Marahaba. Tumia kalamu ya risasi ambayo haijachongwa. Uzi mnene hautelezi kwa urahisi juu ya mbao.

*Mwalimu, hapa Tukuyu mvua haikatiki. Sufu itakauka kweli?*

Itakauka polepole mno. Kwa Tukuyu ningechagua akriliki, ingawa joto lake ni pungufu. Vyovyote vile usilianike kwenye kamba: maji yatalivuta hadi magotini. Likamue ndani ya taulo, kisha ulilaze juu ya mkeka.

*Nina sindano ndefu za kawaida tu. Vitanzi 128 vitaenea?*

Havitaenea, dada. Fuma vipande vitatu, 33, 66 na 33. Kile kitanzi cha ziada katika kila ubavu ndicho kitakachomezwa na mshono.