Kusali Katekisimo mezani na watoto: ombi moja kwa wiki

Nafundisha Shule ya Jumapili katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Moshi, upande wa mlimani. Kila mwaka napokea watoto wanaosema Sala ya Bwana bila kukwama, lakini ukiwauliza wameomba nini, wanakutazama tu. Wazazi wengi wanangoja kipaimara. Mwalimu wa kipaimara anaye mtoto wako saa chache kwa wiki. Wewe unaye kila jioni. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, alipotoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha maswali na majibu juu ya imani, mwaka 1529, juu ya kila sehemu kuu aliandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi.

Andaa Katekisimo, karatasi ya manila, maka peni, na dakika kumi baada ya vyombo kuondolewa mezani.

Hatua ya 1: Shikeni maneno yaleyale. Bibi akisema "riziki" na wewe ukisema "mkate", mtoto mdogo anachanganyikiwa. Luther alilionya hilo kabisa: chagua namna moja ya kusema, usiibadilishe. Kaeni kikao na bibi kwanza.

Hatua ya 2: Bandika ombi la wiki ukutani. Katekisimo yenyewe ilianza kutoka kama mabango ya ukutani kabla ya kuwa kitabu. Maombi ya Sala ya Bwana ni saba. Ongeza "Baba yetu uliye mbinguni" mwanzoni na "Amina" mwishoni, mna wiki tisa.

Hatua ya 3: Uliza swali la Katekisimo, "Maana yake nini?", halafu nyamaza. Hapa ndipo penye kazi. Usikimbilie kusoma jibu la kitabuni. Mwache mtoto ahangaike nalo kwanza, hata siku mbili.

Tulipofika ombi la tano, "Utusamehe deni zetu", mwanangu wa darasa la pili aliuliza, "Mama, ni deni la kwa Mangi wa dukani?" Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia. Ndiyo, nikamwambia, anzia hapo. Mangi afungue daftari, aone sukari na mafuta yetu ya mwezi mzima, kisha apige mstari aseme, "Nendeni, hamnidai wala siwadai." Akakaa kimya. Kisha akasema, "Basi na mimi nimfutie kaka ule mpira." Jioni ile ndipo tuliposoma Katekisimo, pale inaposema kwamba sisi nasi tutawasamehe kwa moyo wanaotukosea, na jibu likaingia kama mvua kwenye shamba lililokwisha kulimwa.

Ombi la nne, "Utupe leo riziki yetu", lipe wiki mbili ukiweza. Luther hakuishia kwenye chakula: anataja mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, watawala wema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wa kweli, majirani waaminifu. Kila mtoto aongeze vyake kwenye manila. Kwetu waliandika masika, ndizi za kihambani, na dereva wa Hiace anayewasubiri wakichelewa.

Hatua ya 4: Geuzeni jibu kuwa sala. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, namna ya kusali kwa kusuka shada la nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba na ombi. Gawaneni. Mmoja aseme ombi hili linatufundisha nini, wa pili ashukuru, wa tatu aungame, wa nne aombe. Sentensi moja moja inatosha. Uzi wa toba mzazi auchukue mara ya kwanza. Watoto wakikusikia ukisema, "Bwana, leo nilimfokea dada wa kazi bila sababu," hawataogopa zamu yao. Asiyetaka kusema, aseme "Amina" pamoja na wengine.

Ukikosa jioni mbili tatu, endelea palepale ulipoachia.

Hatua ya 5: Kulala. Utaratibu wa jioni umo kwenye Katekisimo: ishara ya msalaba, "Kwa jina la Mungu Baba na Mwana na Roho Mtakatifu", Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, na sala fupi ya kuweka mwili na roho mikononi mwa Mungu. Wadogo wafundishe ishara ya msalaba mapema, ukiwaambia ndivyo walivyotiwa alama siku ya ubatizo. Baada ya hapo Luther anaagiza jambo moja tu: lala mara moja, kwa furaha. Kwa hiyo msirudi kwenye televisheni. Zima taa.