Kabla hujakoroga ORS, kabla hujameza kalsiamu

Masika yakikaribia hapa Moshi, huwa naweka pakiti nne za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kukorogea maji ya anayeharisha, kwenye kopo la majani ya chai jikoni. Kuziweka si kazi, kazi ipo kwenye kuzikoroga. Mwaka jana shemeji yangu wa Majengo alimwaga pakiti ya lita moja kwenye chupa ya maji iliyobaki nusu, akaongeza na vijiko viwili vya sukari "mtoto apate nguvu". Mtoto akazidi kuharisha.

Kwa hiyo kabla ya yote, soma pakiti imeandikiwa maji kiasi gani. Chupa kubwa ya dukani mara nyingi ni lita moja na nusu, usikadirie kwa macho. Tafuta ya lita moja, itenge kwa kazi hiyo tu. Maji yachemshwe yapoe. Mchanganyiko ukibaki baada ya saa 24, mwaga.

Ukali huu wa vipimo una sababu yake. Seli zinazopanga ukuta wa utumbo mwembamba zina mlango wa protini uitwao SGLT1, na mlango huo hauipitishi glukosi, yaani sukari iliyo kwenye ORS, peke yake: kila molekuli moja ya glukosi huingia pamoja na ayoni mbili za sodiamu, ile ya kwenye chumvi. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili bila kupumzika, hivyo ndani ya seli sodiamu huwa haba na ya nje huvutwa kuingia, ikiiburuta glukosi. Glukosi hutokea nyuma kwa mlango mwingine, GLUT2, hadi kwenye damu. Na maji? Maji hufuata zilikokwenda chumvi na sukari. Mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alipendekeza wazo hili la sodiamu na glukosi kuingia pamoja mwaka 1960, huko Prague. Hata kipindupindu, kinachoifanya seli imwage maji kama bomba bovu, hakiufungi mlango huu. Hapo ndipo ORS inapopata nguvu zake.

Sasa utaona kosa la shemeji. Sukari iliyozidi hubaki utumboni na kuyavuta maji kutoka mwilini kurudi humo humo. Soda na juisi za pakiti hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kipimo cha WHO na UNICEF kilipunguzwa mwaka 2002: glukosi gramu 13.5 na chumvi gramu 2.6 kwa lita. Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, katika lita moja. Onja kwanza, ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Uliza na zinki kwenye duka la dawa. Mtoto anayetapika kila kitu, au macho yamezama, huyo ni wa kupelekwa hospitali, si wa kukorogewa nyumbani.

Kalsiamu nayo huingilia utumbo mwembamba, ila ina mambo mengine kabisa. Seli huiogopa: ikizagaa ndani huvuruga kazi zake, kwa hiyo kiwango chake humo huwa kidogo mara elfu kumi hivi kuliko nje. Ikipita mlango wake mwanzoni mwa utumbo mwembamba, protini iitwayo kalbindini huidaka papo hapo, huivusha hadi upande wa damu, na pampu huisukuma nje. Mlango, mdakaji na pampu huongezwa kwa amri ya vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, kisha ini na figo huikamilisha. Kalsiamu ikiwa nyingi, sehemu yake hujipenyeza baina ya seli na seli bila kupita mlangoni.

Kabla ya kununua vidonge, basi, angalia kwanza sahani: maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa. Mchicha nao una kalsiamu, ila oksalati yake huishika isifyonzwe vizuri. Ukipewa vidonge vya kalsiamu kaboneti, meza na chakula, maana vinahitaji asidi ya tumbo, na usizidishe miligramu 500 kwa mara moja. Mjamzito anayetumia vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, avitenganishe na kalsiamu kwa saa kadhaa. Chuma na kalsiamu hugombana utumboni. Mimi nilikuwa nameza kalsiamu na mtori wa mchana, vya damu usiku kabla ya kulala.