Paka Asiye na Mwenyewe: Namna ya Kuamua Kama Umsaidie, na Umsaidie Vipi

Mtu akiona paka mgeni amejikunyata ukutani, mkono huenda mbio kumbeba. Subiri kidogo. Paka watatu wanaofanana rangi wanaweza kukaa ukuta mmoja na kila mmoja akahitaji jambo lake: wa kwanza ana kwao, anazurura tu; wa pili amepotea au ametupwa; wa tatu kazaliwa nje na hajawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Ukimbeba wa kwanza, umemwibia jirani. Ukimfungia wa tatu chumbani, umemtesa. Wa pili pekee ndiye anayesubiri umbebe. Kazi kubwa katika shughuli hii ni kuwatofautisha, na ndiyo maana sehemu ya kutazama nimeipa nafasi kubwa kuliko ya kubeba.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza suala la dharura

Paka mgonjwa kwa kawaida hujificha. Kwa hiyo anayelala waziwazi na asiondoke hata ukimkaribia, ana jambo. Dalili zisizosubiri kesho ni hizi: anahema mdomo wazi (mbwa kuhema hivyo ni kawaida, paka si kawaida), fizi zimekuwa nyeupe au za buluu, mguu unaning'inia, damu haikatiki, hawezi kusimama. Ipo na moja ambayo wengi huikosa: dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Wote hao ni wa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kumbeba aliyeumia, chukua taulo nene, mfunike mwili mzima pamoja na kichwa, kisha mwinue kama alivyo na umweke ndani ya boksi lenye matundu. Aliyegongwa na gari usimnyanyue kwa kumshika makwapa. Mtelezeshe taratibu juu ya ubao au kadibodi ngumu.

Usimpe dawa ya binadamu, hata kwa nia njema. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja paracetamol jinsi letu linavyofanya, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Vivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini: mbwa huimudu, paka huanza kutetemeka na kuingia degedege.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Paka anayetokwa mate ovyo, anayepepesuka, au anayemvamia mtu bila kuchokozwa, usimguse; kichaa cha mbwa humpata paka pia. Toa taarifa kwa wanaohusika na mifugo. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kujali udogo wa tundu. Meno ya paka ni membamba: huingiza bakteria ndani, ngozi inajifunga juu, na mkono unaanza kuvimba ukidhani umeshapona.

Hatua ya 2: Mchunguze ni wa nani

Kama hakuna dharura, mpe siku chache za kumtazama. Anakuja saa ngapi? Anatokea upande gani, na anarudi upande gani? Paka mwenye kwao huwa na ratiba, na akishakula hupotea kwa utulivu bila kuomba zaidi.

Hali ya mwili husaidia, lakini hudanganya. Mnene mwenye manyoya safi huenda ana mwenyewe. Ila paka mzee mwenye ugonjwa wa tezi ya shingoni hukonda akabaki mifupa huku akilishwa vizuri kwao kila siku, na majirani wakamdhani yatima. Kwa upande mwingine, paka wa ndani aliyetupwa wiki iliyopita anaweza bado kung'aa.

Tabia husema zaidi. Aliyewahi kuishi na watu hukutazama usoni, hulia akikuona, hukaribia mkia ukiwa wima. Aliyekulia nje, ambaye wengi humwita shume, hutembea akiwa ameinama, hakutazami machoni, halii mbele yako, na hata njaa ikimbana hula ukishaondoka. Tatizo ni kwamba paka wa ndani aliyepotea na kuingiwa na hofu huwa na tabia kama za shume kabisa. Ndiyo maana nasema siku chache: mwoga wa kawaida huanza kulegea akizoea sauti yako na sahani yako, shume halegei.

Angalia masikio. Ncha ya sikio moja ikiwa imekatwa kwa mstari ulionyooka, au ina pengo dogo nadhifu, mara nyingi hiyo ni alama ya daktari kwamba paka huyo ameshahasiwa au kufungwa kizazi. Hupigwa akiwa chini ya nusukaputi. Ukiiona, jua kuna mtu anayemfuatilia. Pengine sahani anayokula kwako ni ya tatu kwa siku.

Kama anashikika, tumia mbinu ya ukanda wa karatasi. Andika: "Huyu paka ni wako? Tafadhali piga namba hii." Mzungushie shingoni kwa kulegea kiasi cha vidole viwili kupita, ufunge kwa gundi ya karatasi itakayokatika akinasa mahali. Akirudi na jibu, umemaliza kazi. Akirudi nao vilevile kwa siku kadhaa, au umechakaa bila mtu kupiga, songa mbele. Ukimfikisha kwa daktari, omba apitishiwe kifaa cha kusoma chipu, kidude kidogo cha kumtambulisha paka. Chipu huwekwa chini ya ngozi katikati ya mabega na kwa kawaida hubeba namba ya tarakimu 15. Huko kupita hakuchukui hata dakika.

Hatua ya 3: Watoto wa paka peke yao

Hapa ndipo huruma hufanya madhara mengi. Mama huacha watoto ili akatafute chakula, au huwahamisha mmoja mmoja, na wewe umefika katikati ya safari. Watoto waliolala kimya, matumbo yamejaa, wana mama. Waliochafuka, wanaolia mfululizo, wenye baridi mwilini, huenda hawana.

Rudi nyuma mbali kiasi cha mama kutokuona, usubiri saa kadhaa. Huna muda wa kukaa? Nyunyiza unga kidogo kuzunguka kiota uondoke. Ukirudi, nyayo zitakueleza. Usisubiri hivyo ikiwa mvua inanyesha, mbwa wapo karibu, au watoto wameshakuwa wa baridi.

Kujua umri, tazama macho. Hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Wiki ya tatu masikio husimama na miguu huanza kutembea kwa kuyumba. Wiki ya nne wanaweza kuanza kulamba chakula laini. Mama akiwepo na mahali pakiwa salama, waache naye, umlishe yeye. Atakulishia watoto vizuri kuliko chupa yoyote.

Kama hakika hayupo, utaratibu ni joto kwanza, chakula baadaye. Mtoto wa baridi hawezi kumeng'enya maziwa. Ukimlisha, yatachachia tumboni au yataingia mapafuni. Mpashe polepole kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, ukimwachia nafasi ya kusogea mbali akiona joto limezidi. Kisha mpe maziwa mbadala yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Ya ng'ombe huwaharisha, na mtoto wa gramu 100 akiharisha hana akiba ya maji. Mlishe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya, kamwe si chali. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, usiku ukiwemo. Kila mara sugua sehemu ya haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, maana bado hawezi kujisaidia mwenyewe; kazi hiyo mama huifanya kwa ulimi. Mpime kwa mzani wa jikoni kila siku: aongeze gramu 10 hadi 15. Asipoongeza, daktari.

Na watoto waliozaliwa nje wana dirisha lao la kuzoea watu: takriban wiki ya 2 hadi ya 7. Anayeshikwa kwa upole kipindi hicho huwa paka wa nyumbani bila shida. Wa miezi minne anayekutemea pumzi kila ukimsogelea atakuchukua muda mrefu, na huenda asikubali.

Hatua ya 4: Jipime wewe

Una chumba? Una wa kukusaidia ukisafiri? Nyumbani kuna mjamzito? (Haimaanishi paka afukuzwe: mtu mwingine aondoe kinyesi kila siku, kwa kuwa kimelea cha toksoplasma, kinachotoka na kinyesi cha paka na kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuambukiza.) Kama jibu ni hapana kwa mengi, msaada mdogo bado ni msaada: bakuli la maji, ukanda wa karatasi, picha kwa majirani. Na paka mwenye afya, sikio lililokatwa ncha na mahali pa kulala, mwache aendelee na maisha yake.

Ninachokukataza ni kulisha bila mpango wa kuhasi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, huibeba wiki tisa, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Sahani yako peke yake, bila daktari, ni njia ya kuongeza paka wenye njaa.

Hatua ya 5: Aliyekulia nje, kamata, hasi, rudisha

Panga kwanza na daktari. Mtego bila miadi ni balaa. Mlishe saa ileile mahali palepale, kisha anza kuweka chakula ndani ya tundu la mtego mlango ukiwa umefungwa kwa kamba usianguke. Akizoea, usiku wa kuamkia siku yenyewe asile. Asubuhi tega, ukae mbali ukiona. Usitege ukaondoka. Mlango ukianguka, funika tundu lote kwa shuka mara moja, gizani hutulia. Usifungue kumpapasa, hata akilia vipi.

Kabla ya kumtega jike, angalia tumbo. Chuchu zilizovimba, manyoya yamenyonyoka pembeni yake, maana yake kuna watoto mahali fulani wanaomsubiri. Watafute kwanza.

Baada ya upasuaji, abaki tunduni mpaka nusukaputi iishe kabisa, usiku mmoja kwa dume, jike hata siku mbili, kisha umfungulie palepale ulipomchukua. Ukimhamishia mtaa mwingine atapotea akitafuta kwao, na chakula kikiwa bado kipo, paka wengine wataijaza nafasi yake.

Hatua ya 6: Anayefaa kuingia ndani

Chumba kimoja kidogo, boksi la kujificha, beseni la mchanga upande mmoja, chakula upande wa pili. Usimwogeshe. Kama una paka wengine, watenganishe wiki mbili na unawe mikono ukitoka, hadi daktari ampime virusi, ampe dawa ya minyoo na chanjo. Kaa sakafuni ubavu ukiwa kwake, umfumbie macho polepole, umwache yeye aje. Asipokula siku mbili, mpeleke. Ini la paka huharibika haraka akifunga kula, hasa akiwa mnene.

Ukimtafutia makao ya kudumu, nenda ukaone nyumba: madirisha, mbwa, nani atamlisha. Na jike asitoke mikononi mwako kabla hajafungwa kizazi, hata anayemchukua akiapa kwamba atampeleka mwezi ujao.