Kuandika Kipengele cha Malipo Kwenye Mkataba wa Ajira, Hatua kwa Hatua

Mikataba mingi inayopita mezani kwangu ina sentensi moja tu kuhusu fedha: "Mwajiriwa atalipwa Sh. 900,000 kwa mwezi." Pande zote mbili husaini zikiwa na furaha. Ugomvi huja baadaye, mtu anapodai saa za ziada au anapoachishwa kazi, maana hapo ndipo swali linaibuka: laki tisa hizi ni za nini? Ni mshahara wa msingi, au posho zimo humo humo? Ni kabla ya kodi, au ndizo zinazoingia mkononi?

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inamtaka mwajiri aandike kiasi cha ujira, namna ya kuukokotoa, na maelezo ya marupurupu au malipo ya vitu. Sehemu ya pili, namna ya kukokotoa, ndiyo waandishi wengi wa mikataba wanairuka.

Hatua ya 1: Tenganisha mshahara wa msingi na ujira

Kisheria haya ni mambo mawili. Mshahara wa msingi ni malipo ya kazi iliyofanyika ndani ya saa za kawaida. Posho hazimo, malipo ya saa za ziada hayamo, wala nyongeza ya Jumapili, sikukuu au usiku. Ujira ni thamani ya malipo yote yanayotokana na ajira, ya fedha na ya vitu.

Basi usiandike "mshahara" peke yake. Andika hivi:

"Mshahara wa msingi: Sh. 585,000 kwa mwezi. Posho ya nyumba: Sh. 215,000 kwa mwezi. Posho ya usafiri: Sh. 100,000 kwa mwezi. Jumla kabla ya makato: Sh. 900,000. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, kwa siku sita."

Saa na siku za kazi zisikae mbali na fedha. Utaona sababu sasa hivi.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kusaini

Jedwali la kwanza la sheria linatoa kanuni ya kupata malipo ya saa moja kwa anayelipwa kwa mwezi: gawa mshahara wa msingi kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45, kigawanyo ni karibu 195. Chukua 585,000, gawa kwa 195, unapata Sh. 3,000 kwa saa.

Kutoka hapo mengine yanafuata. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani Sh. 4,500. Kazi siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili, Sh. 6,000 kwa saa. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inaongezewa asilimia 5, ambayo hapa ni Sh. 150 tu kwa saa. Ndiyo, ni ndogo. Anayeajiri walinzi na ana roho nzuri ataandika zaidi, kwani sheria inaweka kiwango cha chini na haizuii kuongeza.

Sasa rudia hesabu ukichukulia kwamba mkataba unasema laki tisa zote ni mshahara wa msingi. Saa moja inakuwa karibu Sh. 4,615. Mtu aliyefanya saa 20 za ziada kwa mwezi anadai zaidi ya Sh. 138,000 badala ya Sh. 90,000. Jumla ya mwezi ni ile ile kwenye mikataba yote miwili. Ndiyo maana, unapojadiliana kazi mpya, usikubali kugawanywa kwa fungu lako bila kuuliza. Nimeona mikataba ambayo msingi ni theluthi ya jumla na posho zimejazwa majina ya kila namna. Mwajiri ana haki ya kupendekeza hivyo, nawe una haki ya kukataa.

Angalizo: anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahusiki na masharti haya ya saa za kazi. Kama cheo chako kimebadilishwa kuwa "meneja" bila nyongeza ya maana, jiulize kwa nini.

Hatua ya 3: Kila posho iwe na tabia yake

Kwa kila posho jibu maswali haya: inalipwa kila mwezi au kwa tukio? Inaendelea mtu akiwa likizo? Inakoma lini? Fedha ya safari za kikazi iweke kwenye aya yake, na useme wazi kuwa ni ya kufidia gharama, isichanganyike na ujira. Nyumba ikitolewa badala ya fedha, taja thamani yake na muda ambao mtu atapewa kuhama ajira ikiisha.

Kwa wasomaji wa Kenya: huko Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe makazi au alipe fedha ya kutosha kwa kodi ya nyumba, isipokuwa mkataba useme kwamba fungu la nyumba limeunganishwa ndani ya mshahara. Maneno hayo yakikosekana, mwajiri anaweza kudaiwa posho ya nyumba juu ya mshahara.

Hatua ya 4: Ghafi au mkononi?

Mimi napendekeza mkataba utaje kiasi ghafi, kisha useme makato ya kisheria yatafuata. Kwa Sh. 900,000, NSSF ya mfanyakazi kwa asilimia 10 ni Sh. 90,000. Kinachobaki kutozwa kodi ni Sh. 810,000. Kwa viwango ambavyo daraja la Sh. 760,000 hadi 1,000,000 ni Sh. 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, kodi ni Sh. 80,500. Mkononi zinaingia Sh. 729,500.

Mkataba unaoahidi kiasi cha mkononi si kosa, ila unamwachia mwajiri hatari yote: kodi ikipanda ni juu yake, ikishuka faida ni yake. Kama ndivyo mlivyokubaliana, andikeni hivyo hivyo, pamoja na kiasi ghafi cha siku ya kusaini.

Hatua ya 5: Kamisheni na bonasi

Hapa neno moja lina thamani ya mamilioni. "Asilimia 3 ya mauzo" ni mauzo gani? Ankara iliyotolewa, au fedha iliyoingia benki? Pamoja na VAT au bila? Mteja akirudisha mzigo je? Mfano unaofaa:

"Kamisheni ni asilimia 3 ya fedha zilizopokelewa bila VAT, kutokana na oda zilizoletwa na mwajiriwa, na italipwa pamoja na mshahara wa mwezi unaofuata. Oda zilizosainiwa kabla ya ajira kuisha zitalipiwa kamisheni fedha zikipokelewa ndani ya siku 90 baada ya hapo."

Sentensi ya mwisho ndiyo ya kupigania. Kuhusu bonasi, mwajiri achague: ni hiari yake, au ni haki mtu akifikia lengo. Maneno "anaweza kulipwa" yana maana ya hiari. Usije ukayahesabu kama mshahara unapoenda kukopa benki.

Hatua ya 6: Fedha za kuondoka

Watu huita kila kitu kiinua mgongo. Mkataba utenganishe malipo ya kuachishwa yanayotakiwa na sheria na zawadi ya mkataba kama ipo. Malipo ya kisheria ni angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Kwa mfano wetu, siku moja ni 585,000 gawa kwa 26 (4.333 mara siku sita za kazi kwa wiki), yaani Sh. 22,500, miaka mitano inatoa Sh. 787,500. Kama msingi ungekuwa laki tisa, ingekuwa zaidi ya Sh. 1,211,000. Malipo badala ya notisi, kinyume chake, yanafuata ujira, hivyo posho za kila mwezi zinaingia.

Hatua ya 7: Mabadiliko na kumbukumbu

Mshahara ukibadilika, sheria inataka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo na kumjulisha kwa maandishi. Kiambatisho cha ukurasa mmoja kinatosha. Mwajiri atunze maelezo hayo kwa miaka mitano baada ya ajira kuisha, kwa sababu shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi naye akashindwa kutoa mkataba, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Mfanyakazi naye atunze hati za mshahara za kila mwezi na kulinganisha mistari yake na mkataba. Hati ikionyesha msingi tofauti na uliosainiwa, peleka swali kwa maandishi mwezi huo huo: madai mengi yasiyohusu kuachishwa yana siku 60 tu za kufika Tume.