Saa ya Marehemu Usiivae Mkononi: kwa Mnaotaka Kuiuzia Ujerumani

Niko Magomeni kwa likizo, na tangu ndugu wasikie kwamba saa ya marehemu baba niliiuza Ujerumani kwa bei ya kueleweka, kila jioni anakuja mtu na saa imefungwa kwenye leso. Kabla sijaigusa huwa nauliza swali moja: imeandikwa kwenye mirathi? Wananitazama kama nimeomba cheti cha kuzaliwa cha kuku. Basi naandika mara moja, msome wote.

Ushauri utakaopewa na kila mtu siku ya kuaga ni huu: "Vaa tu mkononi, nani atakuuliza?" Mimi nilipewa na baba mdogo, dereva aliyenipeleka Terminal 3 akaurudia, na jamaa mmoja aliyekaa Ulaya miaka mingi akaugongea muhuri. Usiufuate. Forodha haitazami kitu kimekaa mfukoni, begini au mkononi. Inatazama umekipata wapi na kina thamani gani. Mkazi wa Ujerumani anayerudi kwa ndege kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kuingiza vitu vya hadi euro 430 bila kulipa. Ikizidi hapo, unapita njia nyekundu na kusema ulichonacho. Na kitu kimoja hakigawanywi. Saa ya euro 800, mkisafiri mke na mume, haiwi mia nne mia nne. Inatozwa kwa bei yake yote.

Kinachochekesha ni kwamba ushuru wenyewe wa saa ya mkononi ni kichekesho: 4.5%, lakini hauvuki senti 80 za euro kwa saa moja. Kinachouma ni kodi ya ongezeko la thamani, 19%. Saa ya euro 2,000 hapo imeondoka na euro 380.

Mimi nilisimamishwa nikiwa njia ya kijani. Afisa alikuwa kijana mpole, hana haraka hata kidogo. Akaniomba niivue, akaigeuza, akasoma maandishi ya mgongoni, akauliza nimeinunua wapi. Nikamwambia ni ya marehemu baba. Akanipa pole, kisha akauliza kama nina karatasi. Nilikuwa na picha kwenye simu: baba ameivaa harusini, mkono umeegemea bega la mama. Akaitazama kwa heshima zote, akasema picha inaonyesha mzee alikuwa na saa, haionyeshi saa imefikaje kwangu. Saa ikabaki, nikatoka na risiti. Baadaye ikathaminiwa, nikalipa kodi, na juu yake nyongeza ya adhabu kwa kupita kijani bila kutamka.

Sasa sikilizeni vizuri. Mali ya urithi ilikuwa isitozwe kabisa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1186 ya mwaka 2009 inamsamehe mkazi ushuru wa mali binafsi aliyoirithi kutoka nje, na kodi ya ongezeko la thamani nayo ina msamaha wake, mradi aiingize ndani ya miaka 2 tangu mirathi ikamilike na aweze kuonyesha kwamba ni urithi kweli. Aweze kuonyesha. Pesa yote ile ililipwa kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana kwenye karatasi ya Mahakama ya Mwanzo.

Utaratibu wa mirathi mnaujua, siwezi kuwafundisha: kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, mahakama, tangazo, msimamizi anateuliwa. Shida iko kwenye Fomu Namba 5, orodha ya mali. Pale familia zetu zinaandika kiwanja cha Mbagala, shamba la Kibaha, akaunti ya benki, pikipiki, halafu vilivyobaki vyote vinamezwa na maneno "pamoja na vyombo vya ndani". Saa iliyo ndani ya "vyombo vya ndani", kwa afisa wa forodha haipo duniani. Mwambieni msimamizi aiandike peke yake: saa ya mkononi, jina la kampuni, kasha la chuma au la dhahabu, na namba yake. Rolex za zamani namba iko ubavuni mwa kasha, inaonekana ukitoa mkanda. Omega za zamani imechongwa kwenye mashine, kwa hiyo fundi afungue mgongo, apige picha, afunge. Kisha Fomu Namba 6, ile ya hesabu ya mgawanyo, itamke saa imekwenda kwa nani. Kabla ya safari zote zifasiriwe Kijerumani na mfasiri aliyeapishwa.

Baba zangu wadogo na mashangazi zangu, nisameheni, lakini hili nawaambia nyinyi. Kumvika kijana saa pale uwanja wa ndege huku mnafuta machozi ni upendo, ila kwa forodha hiyo ni zawadi, na zawadi siyo urithi. Wala msije na ile nyingine ya kuituma kwa kifurushi na kuandika juu "zawadi, dola 10". Kifurushi cha zawadi kinasamehewa hadi thamani ya euro 45 tu, na kikipotea njiani mtadai fidia ya dola 10 mlizoziandika wenyewe. Sheria ya nchi ya watu haijui kwamba nyie ni watu wazuri.

Narudia: kama imezidi euro 430, njia nyekundu, hata kama una karatasi zote. Msamaha unaombwa mezani, hauombwi baada ya kukamatwa.

Mkanda nao utazame. Ukiwa ni wa ngozi ya mamba au chatu, uvue uuache Dar, usije ukaingia kwenye masuala ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa ajili ya kipande cha ngozi kilichokatika nusu. Na wewe unayekuja nyumbani na saa yako ya thamani uliyoinunua hukohuko, pita forodha kabla hujapanda ndege wakuandikie cheti kwamba umetoka nayo. Ukirudi hakuna mjadala.

Lakini kwanza, je, iuzwe? Nyingi ninazoletewa hapa hazifiki hata hizo euro 430. Seiko 5 ya mjomba inatembea vizuri, ivae, hela yake haitakujengea hata choo. Ya dhahabu mnaikimbiza kwa sonara, naye anawapimia uzito, anatoa mashine anaitupa pembeni. Kama ni saa ya Uswisi yenye jina, usianzie kwa sonara. Na siyo kila inayong'aa ni dhahabu tupu. Nyingi zimepakwa tu.

Juzi jirani ameleta Omega ambayo roho yangu iliruka nilipoiona kwa mbali. Nikaweka kioo cha kukuzia: herufi nene, zimevimba pembeni, na pale chini kwenye namba 6, panapokaa maneno "Swiss Made", hamna kitu. Uso umepakwa upya. Akaniambia kwa furaha kwamba alimpelekea fundi Kariakoo "aifanye mpya kabla ya kuuza". Fundi hana kosa, amefanya alichoagizwa na amekifanya kwa mkono mzuri. Ila mnunuzi wa saa hizi analipia uzee. Madoa ya uso, kona kali za kasha ambazo hazijasuguliwa, akrabu za awali, ndiyo bei yenyewe. Msing'arishe. Msipake. Msibadilishe akrabu. Na zile saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba zinazowaka gizani, nyingi zimepakwa rangi yenye radiamu (radium), madini yenye mionzi. Msikwangue namba wala kufungulia mezani mnapolia chakula.

Wajerumani nimewatafakari sana baada ya hili. Kwetu mambo yakikwama tunaongea, na kuongea kunasaidia. Kule kila neno unaloongeza linaandikwa. Yule afisa hakutaka chochote kwangu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana hakukuwa na mlango wa kugonga. Halafu Jumapili unakwenda soko la vitu vikuukuu unakuta barua, miwani na saa za babu wa mtu kwenye boksi la karatasi, chagua euro mbili. Vitu vya mzee wanaviachia hivyo, risiti yake ya friji wanaitunza kwenye faili. Sijawaelewa bado.

Kuuza kwenyewe ni kazi nyepesi. Duka linalipa haraka na kidogo, nyumba ya mnada inakata kamisheni, na Chrono24, mtandao wa kuuzia saa, ina utaratibu wa kushikilia hela ya mnunuzi mpaka saa imfikie. Kwenye mkataba andika kwamba unauza kama mtu binafsi bila dhamana, sheria yao inaruhusu. Mauzo yako yakipita euro 2,000 au yakifika 30 kwa idadi katika mwaka mmoja, mtandao unawajulisha watu wa kodi. Usiogope, faida hutozwa kodi pale tu kitu kinapouzwa ndani ya mwaka mmoja tangu kununuliwa, na kwa urithi inahesabiwa siku aliyonunua marehemu. Ila urithi wenyewe, pamoja na hicho kiwanja cha Mbagala, unatakiwa kuutaarifu kwao ndani ya miezi 3. Mtoto ana msamaha wa hadi euro 400,000, mpwa 20,000 tu. Karatasi ya forodha itunze, wanunuzi wanaiulizia.

Na kama saa ni ya warithi wote, hela ipitie akaunti ya msimamizi, siyo M-Pesa ya shangazi mmoja, hata kama ndiye aliyeitunza kabatini miaka yote hiyo.