Kupiga hema hifadhini na watoto wadogo: anzeni kupanga usiku

Mara ya kwanza kupeleka watoto kambini kwenye hifadhi ya taifa, hofu yangu yote ilikuwa kwa wanyama. Nilisoma habari za nyoka, nikauliza habari za fisi, nikanunua tochi kubwa kama ya mlinzi. Wanyama hawakutusumbua hata kidogo. Aliyetukesha ni mtoto wa miaka mitatu, aliyekojoa saa tisa usiku na kulowesha nguo nzito pekee tuliyombebea. Tulimviringisha kwenye koti langu, tukapokezana kumpakata, na kulipokucha hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda kuangalia mnyama wa aina yoyote. Siku hizi nikipanga safari ya namna hiyo naanza na usiku: tutalala juu ya nini, tumevaa nini, na mtoto akiamka gizani tutafanya nini. Mambo ya mchana hayanisumbui sana.

Kwanza kabisa, pigeni simu au waandikieni wanaosimamia eneo la kambi kabla ya kulipia. Ulizeni kama kuna maji ya bomba, choo kiko hatua ngapi kutoka hema lilipo, lango hufungwa saa ngapi, mtandao wa simu unashika au haushiki, moto wa kuni unaruhusiwa au ni jiko la gesi tu, na kituo cha afya cha karibu kiko mwendo wa muda gani kwa gari. Swali la choo huonekana la kitoto, lakini mtoto wa miaka minne hatembei hatua mia mbili gizani kwa furaha, na katika baadhi ya hifadhi hakuna anayeruhusiwa kutembea usiku. Ulizeni pia mwinuko. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mnazopanda, kwa hiyo kambi iliyo mita 2,000 juu ya mji mnaotoka inaweza kuwa baridi kuliko nyumbani kwa nyuzi 13. Utabiri wa hali ya hewa wa mjini hautawasaidia kitu huko.

Hema lenyewe lijaribuni nyumbani, tena na watoto wakiwemo. Lisimamisheni uani, au hata sebuleni kama lina fito zinazojishikilia bila vigingi, muone kama kuna fito iliyovunjika au zipu inayokwama, kisha mlale humo usiku mmoja. Mtoto akishazoea mlio wa zipu na ule mwanga wa ajabu unaopita kwenye kitambaa, hataogopa mkifika porini. Halafu msidanganywe na maandishi ya kwenye mfuko. Hema la watu wanne maana yake ni watu wanne waliolala bega kwa bega, bila begi wala viatu wala kopo la mkojo. Familia ya watu wanne inalala kwa amani kwenye hema la watu sita. Turubai la kutandika chini lisitokeze nje ya hema hata kidogo, kwani likitokeza hukinga mvua na kuileta yote chini ya migongo yenu.

Kuhusu baridi, kosa la wengi ni kurundika mablanketi juu na kusahau chini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi la juu haliwezi kulizuia. Wekeni pedi za sponji au godoro jembamba chini ya kila mtoto kabla ya kufikiria la kumfunika. Nguo za kulalia ziwe za sufu au polista, maana pamba ikilowa kwa jasho au mkojo hukaa na maji na kumpoza mtoto. Kila mtoto awe na seti mbili, zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na mchana zisiguswe hata mtoto akilia kuitaka ile yenye picha ya tembo. Kofia na soksi kavu huleta tofauti kubwa kuliko ukubwa wake. Mtoto mchanga asiingizwe kwenye begi la kulalia la mtu mzima, kwa sababu anaweza kuteleza ndani uso ukafunikwa. Avalishwe tabaka kadhaa za nguo na alale chali kwenye sehemu yake iliyo ngumu na tambarare. Aliyekwisha kuacha nepi mwaka huu, mrudishieni kwa usiku huo bila aibu yoyote, na kopo lenye kifuniko likae palepale mlangoni.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Jiko la gesi, jiko la mkaa au chungu chenye makaa haliingii ndani ya hema, hata kwenye kibaraza chake, hata makaa yakionekana yamekufa. Moto huo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo. Hulala zaidi, mpaka anakufa. Kila mwaka kuna familia zinazopotea kwa sababu ya kutaka joto kidogo la asubuhi. Kama mnaogopa baridi, jazeni maji ya moto, yasiyochemka, kwenye chupa imara, ikazeni vizuri, izungushieni soksi na kuiweka miguuni.

Sasa wanyama, ambao nimekiri niliwaogopa kupita kiasi. Wengi wao hufuata harufu, kwa hiyo kazi kubwa ni ya kusafisha. Chakula, takataka, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, chupa ya maziwa na nepi zilizotumika vyote hulala ndani ya gari lililofungwa au kwenye sanduku la chuma lililowekwa kambini kwa kazi hiyo. Kabla ya kulala mimi hupekua mifuko ya suruali. Usiku mmoja nilikuta nusu ya biskuti, imegandana na karatasi ya pua na jiwe zuri alilookota binti yangu, na hiyo ingetosha kabisa kumkaribisha nyani alfajiri. Mchana wafundisheni umbali kwa vipimo wanavyovielewa. Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1872 huko Marekani, hudai mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine karibu wote. Mita 23 ni kama mabasi mawili yaliyopangwa mstari. Mnakokwenda kanuni inaweza kuwa tofauti, pengine msiruhusiwe hata kushuka garini, basi isomeni mapema na muwasomee.

Kuna jambo wazazi hawapendi kulizungumza: mtoto kupotea. Porini anaweza kutoweka ndani ya dakika unayomfungia mwenzake kamba ya kiatu. Mvalisheni filimbi shingoni yenye kamba inayokatika ikivutwa, na mumfundishe apulize mara tatu, apumzike, apulize tena. Zaidi ya yote mumfundishe kwamba akigundua hawaoni wazazi wake, akae karibu na mti mmoja asiondoke, hata akiogopa, na akisikia jina lake aitike bila kudhani kwamba atagombezwa. Fanyeni mazoezi yake kama mchezo, nyumbani. Kila asubuhi mpigeni picha alivyovaa, pamoja na soli za viatu vyake. Wanaomtafuta watataka kujua rangi ya fulana na alama za kufuata mchangani. Penye mto au ziwa, mtu mzima mmoja awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na awe mmoja anayejulikana, kwa sababu wote mkimwangalia ni rahisi kudhani mwingine ndiye anayemwangalia.

Dawa ziandaliwe wiki kadhaa kabla, hasa kama mnakwenda penye malaria, maana dawa za kinga nyingine huanza kunywewa kabla ya safari na daktari ndiye anayeamua ipi inamfaa mtoto wa umri gani. Mpimeni uzito, kisha dozi ya dawa ya homa iandikwe kwenye karatasi. Saa nane usiku kwa mwanga wa tochi hesabu huwa ngumu. Bebeni pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini, na kibanio cha kutolea kupe: anashikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu, moja kwa moja, bila kuchomwa wala kupakwa mafuta. Dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali iitwayo DEET haishauriwi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Huyo alindwe kwa chandarua na nguo za mikono mirefu. Maji ya mto yachemshwe kwa dakika moja tangu yaanze kutokota sana, na dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Sabuni na maji ndivyo vinavyozuia kuhara, hivyo msitegemee kitakasa mikono peke yake.

Kuhusu vitu vya kuchezea, msijisumbue. Kila mtoto apewe tochi yake ya kichwani, nanyi mbebe betri za akiba. Chakula kiwe kile wanachokula nyumbani bila kubishana. Kambini si pahali pa kujaribu mapishi mapya.

Kabla ya kuondoka, mwachieni ndugu karatasi yenye jina la kambi, namba ya gari na siku mnayorudi. Pangeni kuwasili muda wa saa tatu kabla ya jua kuzama, kwa sababu hema la kwanza na watoto wenye njaa halijawahi kusimama kwa muda uliopangwa. Na mkipakia gari, mfuko wa nguo za kulalia, tochi, pedi na hema viingie mwisho kabisa, juu ya kila kitu, mvifikie hata kama mtafika na mvua ikinyesha na mtoto amelala kwenye kiti chake.